Sahani Nyeusi, Haina Maandishi

Nilizipiga picha kibarazani saa nne asubuhi,
santuri thelathini na moja,
moja ina ufa, nikaiweka kivulini usionekane.
Nilizifuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu;
marehemu mume wa shangazi alinifunza hivyo:
fuata mistari, usiikate.

Kufikia adhuhuri zilikuwa sokoni,
soko la kwenye simu, lisilo na banda wala mtoza ushuru.
Mtu wa Osaka akauliza kama lebo ni ya kijani.
Nikamjibu ndiyo, kijani cha ndizi mbichi.

Alasiri hazikuwepo hata moja.
Si kwa kuuzwa.

*Bidhaa zako zimeondolewa. Mwenye haki amelalamika.
Una siku saba kuthibitisha idhini.*

Mwenye haki.
Nilisoma nikiwa na spoki mdomoni.
Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tano.
Nimeuza Phoenix zilizopita mikono mitano,
fremu ya huyu, rimu ya yule, kengele ya marehemu,
na kiwanda hakijanipigia simu hata siku moja.
Pale Mgandini wanauza makoti ya watu wa baridi,
mfukoni mna tikiti ya treni ya huko kwao,
na aliyeshona haulizwi anaitwa nani.
Lakini hii niliyoishika, nzito,
yenye mkwaruzo pale anapoingia mpiga besi,
ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali:
kampuni iliyonunua kampuni iliyonunua kabati
la kampuni ya Nairobi iliyofilisika.

Nikaenda kwa shangazi.

Kwata Jazz, "Sefu Rudisha Funguo", upande wa kwanza:
ile sauti inayopanda baada ya saksafoni ni yake.
Walikwenda kurekodi kwa basi la usiku, mwaka sitini na tisa.
Alirudi na shilingi sitini na doti ya khanga,
na khanga ikaishia kubebea watoto wa watu.

Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua macho.
"Wanataka idhini? Ya nani?"
"Ya mwenye haki."
"Basi andika."
Nikang'oa karatasi ya katikati, daftari la madeni,
naye akasema, akihesabu mizani kwa vidole ukingoni mwa ungo:

*Ni mimi Mwanamsiti, niishiye Ngamiani,
Niliyetoa sauti, ikaingia sahani,
Sina hati wala cheti, ushahidi u kooni,
Mwacheni mwana auze, leo nampa idhini.*

Nikavunja kalamu, akachovya dole gumba, akabonyeza.
Nikapiga picha. Nikatuma.
Jibu lilikuja chai haijapoa:
*Hati haikutambuliwa. Tafadhali wasilisha mkataba.*

Sikumsomea. Nilimwambia mtandao unasumbua.

Usiku, kwa hasira au kwa njaa, sijui,
niliandika tangazo upya:
Sahani nyeusi ya duara. Plastiki. Ina tundu katikati.
Yafaa kwa pambo la ukuta, au saa.
Nikabandika karatasi nyeupe juu ya lebo,
likafunikwa jina la bendi, la wimbo, na mwaka.
Lake halikuwahi kuwepo.
Ikapita.
Hakuna aliyelalamika.
Ijumaa nilikuwa nimeuza tisa
kwa mwenye hoteli wa Pangani anayetengeneza saa.

Shangazi akauliza wamenunua nini hasa.
"Sahani."
"Za kulia?"
"Za kutazama."
Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.
"Ile yenye ufa usiuze."

Kwa hiyo niliileta, na gramafoni ya mumewe,
mkanda wake nimeufunga kwa mpira wa tyubu.
Ilikwenda vizuri mpaka pale saksafoni inaponyamaza,
akaingia yeye, msichana, mwembamba kama waya:
*Sefu, rudi*
ikaruka,
*rudi*
ikaruka,
*rudi*
na mwanamke mwenye ungo mapajani,
bila kuinua macho,
akamalizia:
*sha.*