Sikio la Baba

Ombui ameniwekea tena, chini ya atlasi za shule,
ndani ya karatasi ya unga iliyokunjwa mara moja.
"Mama Vibonzo," ananiita, nami nimelikubali jina
kama mtu anavyokubali kiatu cha kurithi.

Hapa Latema, kati ya duka la simu na ngazi za hoteli,
vitabu vimelala kifudifudi juu ya gunia:
Aljebra. Ufugaji wa kuku. Biblia iliyopoteza Mwanzo.
Na mara moja moja, Habel Mwakesi.

Namjua kwa pua. Nani mwingine alichora pua vile?
Ya waziri ikitangulia mlangoni, waziri akifika baadaye;
ya askofu ikinusa sahani ya sadaka;
ya mwenye nyumba, ndefu, ikibisha hodi tarehe mosi.
Mstari mmoja, kalamu haikuinuka,
na mtu mzima yuko uchi ndani ya suti yake.

Ninavyo vitabu vyake vinne.
*Tumbo Halina Likizo*, chapa ya kwanza, jalada limeliwa na mende.
Kile cha mwaka wa njaa, chenye mhuri wa maktaba
iliyogeuka kanisa, kisha duka la vigae.
Kimoja nilikikuta Gikomba kikifungia karanga;
nikanunua karanga zote, tukazila wiki mbili
ili nipate kurasa thelathini na moja.
Nazisugua kwa chembe za mkate, polepole.
Madoa ya mafuta hayatoki. Yakae.
Nayo yamesoma.

Wanangu huuliza, mbona si stempu, mbona si sarafu?
Nawaambia ni akiba: Mwakesi hayupo, bei itapanda.
Uongo huo nimeufuga miaka kumi na tisa,
umenenepa, unajua wenyewe njia ya zizini.

Kweli ni kwamba
Jumatatu moja, nikiwa darasa la tano,
baba alirudi Jericho kutoka ofisi ya viwanja
akalitia gazeti kwenye jiko la makaa.
Akakaa. Chai ikapoa, ikaota utando.
Shuleni walikuwa wameshaliona:
panya mwenye tai, amekalia ramani ya jiji,
anatafuna uwanja wa watoto kuanzia pembeni.
Nilipigana na Atemi hadi jino likatoka.
Sikuwahi kukiona nilichokipigania.

Leo nafunua karatasi ya unga.
Si gazeti. Ni mchoro wenyewe, wa wino,
penseli bado inachungulia chini yake.
Panya. Tai. Ramani.
Na sikio la kushoto lina pengo,
pale mbwa wa kiwanda cha ngozi alipomng'ata baba utotoni,
pengo ambalo hata picha ya kitambulisho haina,
maana kila mpiga picha alimwambia, geuka kidogo, mzee.

Kumbe alimtazama.
Kumbe mtu aliyemwaibisha baba
alimtazama kuliko sisi
tuliokula alichokitafuna.

"Elfu mbili," Ombui anasema, akingoja tuanze.
Desturi yetu: mimi hucheka, yeye huapa, tunakutana kwenye mia saba.
Nahesabu noti zote, moja moja.
Anazishika kama aliyeuza kitu cha wizi.
"Mama, kuna neno?"

Nifungie vizuri, nasema. Weka nailoni mbili.
Mvua imeshafika Ngara,
na sikio hilo likiingia maji
nyumba nzima hatulali.