Ngazi ya Kumi

Usiku ule cherehani yangu ilitoka nyumbani
begani mwa kijana nisiyemjua,
na Igogo nzima ikajua kabla yangu.
Lugembe muuza mkaa alipiga mwano, ule wa ng'ombe,
uliosafiri na babu zetu kutoka Magu
na haujawahi kumuuliza mtu jina lake.

Niliwahi kuwapigia polisi kwa upuuzi, nakiri.
Redio ya Ng'wasi, mpangaji wangu, saa nne usiku.
Askari alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole,
"Mama, huyo mgongee mlango."
Nikagonga. Akapunguza. Nikaona haya wiki nzima.
Na kuku aliyepotea nilimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa,
ambaye hakumpata, lakini aliandika.

Hili halikuwa la kugonga mlango.
Nilifuata kelele hadi pale mawe mawili
yanapoegemeana kama walevi,
nikamwona amekaa chini, mikono kichwani,
damu imeziba jicho moja,
na wa bodaboda anauliza nani ana petroli.
Cherehani yangu ilikuwa pembeni, nzima,
imelala ubavu kama kitu kisichohusika.

Nilijibanza nyuma ya choo cha akina Shija.
Vidole vilisahau kazi yao. Moja. Moja. Mbili.
Salio sikuwa nalo, wala halikuulizwa.
Nikaanza kusimulia cherehani ilivyonunuliwa,
kwa mkopo gani, mwaka gani.
Sauti ikanikata: "Mama. Wapi?"

Hapo ndipo utajua kwamba mlima hauna namba.
Nikavuta pumzi, nikasema kama anayepima kitambaa:
Igogo, shukeni kwenye mashine ya kusaga,
gari haipandi, njooni kwa miguu,
jiwe lenye tangazo la bluu, kushoto,
halafu ngazi za saruji, thelathini na moja, ya kumi imevunjika.
Watu kama arobaini. Mmoja wanamuua.
Sikusema mia. Sikusema wana bunduki.
"Usikate simu," akasema. "Na usiwaendee."

La pili sikulitii.
Nikaenda, simu hai kwenye pindo la kanga,
nikaisimamisha cherehani yangu katikati yao
nikaanza kuikagua: sindano, gurudumu, mkanda,
polepole, kwa sauti,
nikimuuliza kila mmoja kama ameona bobini.
Bobini! Bila bobini nitashona nini?
Yule wa petroli akawasha tochi ya simu, akainama.
Watu arobaini wakatafuta bobini kwenye majani,
nayo imelowa jasho ngumini mwangu.

Kisha nikasikia mtu akijikwaa, akiguna.
Ya kumi. Wamefika.

Kituoni nilisomewa maelezo yangu kabla ya kusaini.
Nikaomba wafute neno "panga", maana sikuliona.
Kijana aliandikiwa PF3, akapelekwa kushonwa.
Anaitwa Masalu. Ana miaka kumi na tisa.
Kesi ipo, nitaenda, sijamsamehe.

Lugembe hanisalimu. Anasema nimeuharibu mwano.
Labda.
Nyuma ya mlango wangu nimeandika kwa chaki
ile namba, na chini yake njia ya kufika kwetu:
mashine, jiwe la bluu, ngazi thelathini na moja.
Jana nimekuta Ng'wasi ameongeza, kwa mwandiko wake mbaya,
"Ya kumi tumeitengeneza."