Mai ya Kunawa

Mimi nilikaa nyuma ya pazia,
leso mbili zilizoungwa kwa pini,
moja ina tundu lililochomwa na pasi,
dogo, la kutosha jicho.
Kazi yangu kunong'ona: mchezaji akisahau, nimtupie neno.
Kwa hiyo mchezo wenyewe sikuuona.
Niliwaona nyinyi.

Uani mwa Ngome, viti vya plastiki vya kukodi.
Mwalimu Skanda alikwisha kuwatahadharisha:
hata kwao Uingereza mchezo huu hulala kabatini,
huamshwa mara moja kwa kizazi, ukapiga miayo, ukarudi.
Mtu wa nyuma akauliza, "Basi kwa nini sisi?"
Hakujibiwa. Jenereta ikakohoa, taa zikawaka.

Tajiri akagawa. Pete, farasi, mahari ya mtumishi.
Rafiki zake wakamsifu kwa zamu,
na Bi Somoe, safu ya pili, akaanza kuhesabu kwa vidole
kama ahesabuye pesa za kutunza harusini:
nani katoa, nani kala, nani hakuonekana tena.
Tajiri hajajua bado kuwa amefilisika,
Bi Somoe alikwisha kulifunga daftari la kichwani mwake,
akamwambia jirani, "Huyu kesha."

Kisha ile karamu ya mwisho.
Sahani zimefunikwa kawa, kawa za kweli za ukili,
tulizoazima nyumba kwa nyumba, Mkomani hadi Langoni.
Mkasogea. Niliona koo zikimeza.
Kawa zikafunuliwa: maji ya uvuguvugu, basi.
Kule kwao, naambiwa, hapa watu hushtuka.
Nyinyi mkatulia kama wageni waliolelewa,
na sauti ya kiume ikasema, haina haraka,
"Mai ya kunawa hayo. Chakula chaya."

Mkangoja. Wallahi mlingoja.
Tajiri wetu, Athman Kupi, fundi wa majokofu,
akangoja nanyi, akasahau, akageukia pazia.
Nikamnong'oneza tusi lake la kwanza
naye akaona haya kulitamka
mbele ya watu waliokwisha kukunja mikono ya kanzu.

Alipoyamwaga, matone yalifika safu ya mbele.
Walioloa walicheka, wakapangusana.
Bwanaheri Famau hakupangusa.
Tone lilikaa shavuni pake, likatafuta ndevu.
Duka lake la jumla sasa lauza simu.
Zamani Ijumaa sinia zake zilivuka kizingiti, sinia baada ya sinia,
na mimi nilikuwa na mahali pangu pale, upande wa dirisha.
Nikaliondoa jicho tunduni.

Niliporudi, tajiri alikuwa porini akichimba mizizi,
na jembe likagonga dhahabu.
"Usiwambie!" mtoto akapiga kelele.
Uwanja mzima ukacheka, ila Bi Somoe:
"Asiwambie, awambie, wataya tu."
Wakaja. Mmoja mmoja, kwa mpangilio alioutaja yeye.

Ndipo akauapiza mji.
Kuta, watoto, maziwa ya mama, hakubakisha.
Mwanajabu binti Kombo akainuka, akakusanya buibui lake,
"Muyi hauapizwi usiku,"
akatoka, na watatu nyuma yake,
hawakukasirika. Walikwenda upesi,
kama waliokumbuka kuwa wameacha mlango wazi.

Kisha akafa. Si mbele yenu; askari tu alileta habari:
kaburi ufukweni, na juu yake maneno makali.
Mwalimu alitazamia makofi.
"Nani kamuosha?"
Ilikuwa sauti ile ile ya maji ya kunawa.
"Kafa na nani? Kasaliwa wapi? Sanda katoa nani?"
Askari akaduwaa na mkuki wake wa mti wa mkoko.
Akaligeukia pazia. Nanyi mkaligeukia.

Nilipekua. Ukurasa wa mwisho, wa kabla yake,
nikarudi nyuma hadi penye mizizi.
Mtunzi hakuandika.
Mara ya kwanza usiku ule mliniomba neno,
nikawa nina karatasi tu.

Bwanaheri Famau hakuuliza kitu.
Nilimwona kwa lile tundu la pasi,
anakunjua mikono ya kanzu yake,
mmoja, taratibu,
kisha wa pili.