Inacheza

Ukizungusha gurudumu kulia, meza inafuata.
Ukigeuza kushoto, meza haina habari.
Unazungusha hewa:
robo ya mzunguko, kasoro kidogo,
mkono unakwenda na chuma kimelala.
Hapa Kariobangi mafundi tunasema, inacheza.
Neno la watoto na mpira wa makaratasi
tumeibandika skrubu yenye umri wa mama yangu.

Tuliinunua mnadani, kiwanda cha vifungo kilipofilisika,
wanaume wanane na kreni ya kukodi kwa saa,
na Wafubwa akitembea kando yake njia nzima
kama anayesindikiza ng'ombe wa mahari.
Miaka ishirini na sita alichonga kwa mashine hiyo.
Mwanya ule hakuuziba hata siku moja.
Aliupitiliza, kisha akarudi taratibu
kutoka upande uleule, kila mara upande uleule,
kama mtu aingiaye kwa wakwe.

Mota hazina wakwe.

Nilifunga tatu, nikavuta nyaya, nikapakia programu,
nikaagiza duara la milimita sitini.
Moshi wa mafuta, nyuzi za chuma za buluu zikijikunja,
Kwamboka akirekodi kwa simu.
Lilipopoa likawa na mabega manne.
Kila mhimili ulipogeuza mwendo
kompyuta ilihesabu safari ambayo meza haikusafiri.
Skrini inasema sitini.
Kalipa inasema hapana.

Wafubwa hakucheka. Alipitisha kidole gumba ukingoni:
"Hapa. Hapa. Na hapa. Na hapa."
Hata geji sijaitoa kwenye sanduku.

Nikaitoa. Sumaku kichwani, mshale mezani.
Katikati, sufuri nukta tatu nane.
Ncha ya kushoto, sufuri nukta sufuri tisa.
Ncha ya kulia, karibu mpya.
Skrubu imeliwa pale ilipofanya kazi.
Nikaiona sakafu ya Parklands na magoti ya mama.
Nikikaza nati iridhike katikati,
inakwama nchani, mota inalia kama mbwa aliyefungiwa.
Nikilegeza kwa ajili ya ncha,
katikati kunacheza tena.

Programu ina kisanduku:
andika kiasi kinachopotea, nami nitakiongeza.
Nikaandika tatu nane.
Meza tupu ilitii, nikajiona bingwa.
Kisha kikataji kikauma chuma,
kikaivuta meza yote kuipitisha mwanya,
jino likakatika, likapita kando ya sikio la Kwamboka
likatoboa bati la jirani.
Bado lipo hilo tundu. Asubuhi linaingiza jua.

Niliuza pikipiki.
Skrubu ya gololi ilifika imefungwa kwa magazeti ya lugha nisiyoijua,
laini, ukiinamisha nati inashuka yenyewe.
Nami nikaiinamisha mno.
Nati ikachomoka, gololi zikamwagika sakafuni,
tisini na sita kwa mujibu wa karatasi,
chini ya tezo, ndani ya mifereji, hadi barabarani.
Watu wazima watatu tukatambaa na sumaku
mpaka taa za mtaa zikawaka.
Tisini na tano.

Siku ya tatu akaja Ojwang', mtoto wa muuza mitumba,
ngumi imefumbwa.
"Hii imenishindia michezo minne," akasema,
"siitoi bure."
Nikampa gololi ya beringi ya lori, kubwa kama jicho la mbuzi.
Akaipima mkononi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kupima kitu,
akakubali.

Duara la pili halikuwa na mabega.
Wafubwa alilizungusha kwenye kidole gumba, mara mbili, mara tatu.
"Imebaki ngapi?"
"Sehemu mbili za mia."
Akalirudisha mezani.
"Basi bado inacheza," akasema,
akaenda kunawa mikono,
na nje nikasikia chuma kikigonga chuma,
na sauti ya Ojwang' ikibisha kwamba amelenga.