Pono Halali

Mwalimu wetu wa Kiswahili pale Nyansiongo
alituandikisha misemo arobaini kwa kalamu nyekundu.
Wa kumi na saba: kulala usingizi wa pono.
Tukaukariri. Hakuna aliyeuliza pono ni nani.
Mimi nilidhani ni mtu, mlevi fulani wa Pwani
aliyelala siku moja hadi akawa msemo.

Sasa nina miaka thelathini na moja, na shanta,
na kitanda cha juu katika chumba cha vitanda sita
nyuma ya soko la zamani la Malindi.
Chini yangu anakoroma Mwitaliano mstaafu
aliyekuja kwa wiki mbili, miaka ishirini iliyopita.
Ada ya kozi niliichanga kwenye simu,
mia, mia mbili, kila nilipotamani kiatu.

Mbeyu binti Karisa ndiye mwalimu.
Mfupi, sauti kavu, nywele zimeliwa rangi na chumvi.
Ananifunga mtungi wa hewa
kama anayembebesha mtu mtoto asiye wake.
"Jina?"
"Kwamboka."
"Maana yake?"
"Kuvuka. Kuvuka mto."
"Leo huvuki. Leo unashuka."

Siku mbili tulikuwa kwenye bwawa la hoteli,
maji ya kifuani, harufu ya dawa,
wahudumu wakipita na sinia, wakinicheka kwa adabu.
Usizuie pumzi: hilo la kwanza, hilo la mwisho.
Kisha lugha ya mikono.
Dole gumba juu si "poa", ni "nipandishe".
Nilisahau mara tatu. Mara tatu nilifurahi,
nikainua dole, nikatolewa majini na furaha yangu
kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka.
Ukiwa mzima, unganisha kidole na gumba, fanya pete.
Kwa pete unaulizwa, kwa pete unajibu.

Siku ya tatu, bahari.
Tumebahatika, Mbeyu anasema, Sabaki haijafurika;
bara ikinyesha, udongo wa Machakos hufika hapa
maji yakawa chai ya maziwa.
Nikaanguka kinyumenyume kutoka kwenye boti,
risasi kilo sita kiunoni, na sina vita na mtu.

Mita tatu. Nne. Sita.
Sikio la kushoto likaingiwa na msumari.
Mbeyu akafanya pete: hujambo?
Nikafanya pete: sijambo.

Ndivyo nilivyolelewa.
Sijambo, mgongo ukiuma. Sijambo, kodi ikidaiwa.
Baba, mpira puani, wodi namba nne,
daktari alipomuuliza habari alisema nzuri,
nasi tukaibeba ile nzuri hadi nyumbani,
tukalala nayo,
tukapigiwa simu alfajiri.

Mbeyu hakusogea.
Akanitazama machoni kupitia vioo viwili,
akafanya pete tena, polepole,
kama anayemrudishia mtu noti bandia.

Mkono wangu ukajifungua wenyewe,
ukayumba huku na huku: kuna jambo.
Kidole sikioni: jambo liko hapa.
Akanipandisha kidogo, akabana pua, nikabana,
nikapuliza. Mlio mdogo, ganda la njegere.
Maumivu yakaondoka bila kuaga.

Tukashuka tena, na huko chini nikasikia
kitu kikitafuna. Krr. Krr.
Samaki wa kijani na waridi, mdomo wa kasuku,
anang'ata tumbawe kama mtoto na muwa,
na nyuma yake, bila haya,
anadondosha mchanga mweupe.
Mbeyu akatoa kibao chake, akaandika kwa penseli:
PONO.

Nikapiga kelele ndani ya kipumulio,
mapovu yakapanda kama darasa lililoachiwa.
Mwalimu! Wa kumi na saba huyu hapa!
Macho wazi, adhuhuri, yuko kazini,
na meno yake nayasikia!

Kwa furaha nikainua dole gumba.

Mbeyu akatikisa kichwa,
akanishika mkono,
akanipandisha.