Shimoni mwa Mkumbushaji

Miaka kumi na tisa nimekaa chini ya jukwaa,
hapa Kutaisi, katika shimo lenye taa moja na harufu ya gundi,
kitabu cha mchezo magotini. Kazi yangu ni kunong'ona
neno linapomtoroka mtu.
Ninachokiona ni viatu tu.
Wengine wote nawajua kwa sauti.

Nanuli ana viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika.
Kwa viatu hivyohivyo, juzi alikuwa bi harusi:
sauti kaipandisha hadi kwenye meno,
nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano.
Leo ni mwenye nyumba, bahili wa miaka sabini.
Sauti imeshuka kifuani, ikapitiliza,
inaburuta irabu kama mtu aburutaye gunia
na hataki kusaidiwa.
Na kila anapokaribia kutaja pesa
huvuta pumzi puani. Kidogo. Kama anayenusa.

Nikajua. Ushangi!
Muuza mkate wa kando ya daraja,
anayekurudishia chenji sarafu moja moja
kana kwamba kila moja ina mama yake.
Mwezi mzima Nanuli alipanga foleni kwake,
hata siku ambazo kabatini mwake mlikuwa na mikate mitatu mikavu.
Hakuwa akinunua mkate.

Usiku wa kwanza Ushangi alikuja, tikiti ya bure, safu ya pili.
Ile pumzi nikaisikia nyuma ya kisogo changu,
nikaisikia na mbele yangu, jukwaani,
nikakishika kitabu kwa mikono miwili, nikingoja ugomvi.
Akacheka. Alicheka mpaka kiti kikalalamika.
"Bahili huyu namjua," akamwambia mkewe.
"Yupo mtaani kwetu. Jina lake nitalikumbuka."
Mkewe hakujibu.

Sehemu ya tatu, mwenye nyumba kabaki peke yake.
Kitabuni pana maneno matano: Nani yupo hapo mlangoni, jamani?
Nanuli kanyamaza.
Nikafungua kinywa nimkumbushe,
kiatu cha kahawia kikagonga ubao mara moja: acha.
Kisha ile pumzi ya puani, ndefu safari hii,
isiyo na pesa mbele yake wala neno nyuma yake.
Ukumbi mzima, hata safu ya pili,
hakuna kiti kilicholia.

Asubuhi nilikwenda kununua mkate.
Ushangi alinihesabia chenji harakaharaka, kimya,
kama mtu anayesikilizwa.