Yasiyoingia Kwenye Taarifa ya Mwaka

Kila Julai katibu huandika ukurasa mmoja:
saa za zamu, elfu mbili mia moja na kumi na nne;
waliookolewa, thelathini na mmoja;
waliokufa kati ya bendera, sifuri.
Katibu ni mimi. Ukurasa umejaa.
Haya ni yale yaliyonibaki mkononi.

Oktoba, kufuli la banda lilikuwa limeshika kutu,
likagoma kama punda. Rawinia Tamatea akalipiga nyundo.
Ndani, panya amezalia kwenye boya la uokoaji,
vitoto saba, vyekundu, macho bado hayajafunguka,
na mwanamke aliyewahi kuvuta wanaume wawili kutoka mawimbini
akashindwa kuvitoa.
Wiki mbili tulishika zamu na boya moja pungufu.
Hilo sikuliandika.

Huku Taranaki mchanga wetu ni mweusi,
na mchana wa Desemba unakaanga nyayo.
Wageni hukimbilia maji wakirukaruka,
hawatazami wanakoingia.
Tunawaambia: bendera mbili, nyekundu na njano, ogeni katikati.
Wao wanapaona pale pembeni, palipolala, pasipo povu.
"Hapa ndipo pazuri kwa watoto."
Pale ndipo bahari inaporudi kwake
kwa mwendo wa mtu aliyeitwa msibani.
Kimya kikuu, kumbe, kina mkondo mkuu.

Lugha ninayoandikia ina methali nyingine:
mfa maji haachi kutapatapa.
Selwyn Pascoe, fundi bomba, miaka thelathini na minane ya zamu,
anabisha.
"Anayepiga kelele bado ana pumzi.
Mtafute aliyenyamaza, kidevu juu,
kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo."
Keziah Broughton, miaka kumi na mitano, alimsikia kwa sikio moja;
la pili lilikuwa na muziki.
Tarehe tatu Januari aliiona ile ngazi.
Alishaondoka mnarani
kabla filimbi haijafika mdomoni mwa mtu.

Mwanamume mzima, kilo mia. Alimrudisha.
Bwana yule alitapika, akafuta ndevu,
akatafuta kandambili zake, akapata moja,
akaenda nayo mguuni bila neno.
Ya pili tumeitundika msumarini, juu ya birika la chai.
Keziah alitetemeka hadi jioni,
kisha akala mikate mitano yenye soseji.

Februari.
Saa moja jioni, bendera zimeshakunjwa kitambo.
Simu ilimkuta Selwyn chini ya sinki la watu.
Alikuja na spana mfukoni.
Mashua ya mpira ilitoka na watu wawili, ikarudi na watatu.
Taarifa haina safu ya hilo:
lilitokea nje ya saa, nje ya bendera,
nje ya hesabu.
Mama wa yule kijana alituletea keki mwezi uliofuata.
Hakuna aliyejua namna ya kuikata.

Machi watoto wetu walishika mkia mashindano ya mkoa,
wakaimba njia nzima ya kurudi
kana kwamba mkia ni kombe.
Pasaka ikafunga msimu. Juni dhoruba ikang'oa ngazi ya mnara;
siku tatu tuliiona ikielea,
wala hakuna aliyetania.

Jumamosi za baridi tunauza soseji
mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.
Mweka hazina, Merle Hoskin, anahesabu sarafu mara mbili,
glavu zake zimekatwa vidole.
Mtu akiuliza, "Kwani ninyi mnalipwa kiasi gani?"
Merle humjibu, "Dola mbili na nusu,
kitunguu ni bure," akampa mkate.

Jana usiku niliusoma tena ukurasa wangu.
Waliokufa kati ya bendera, sifuri.
Ni kweli, kila neno.
Nikazima taa. Nikarudi kuiwasha.
Nikaandika pembeni, kwa penseli:
spana, keki, panya saba.
Chini yake:
Oktoba, nunua mafuta ya kufuli.